Chokaa Ndani ya Maji ya Udhu

Katika istilahi ya kemia, maji huitwa magumu pale yanapobeba kalsiamu na magnesiamu zilizoyeyuka kiasi cha kuizuia sabuni isitoe povu upesi. Na kwa kuwa ni desturi kuyapima madini hayo kana kwamba yote ni kabonati ya kalsiamu, ambayo ndiyo maada ya mawe ya matumbawe, maji yenye miligramu 61 hadi 120 za kabonati hiyo kwa lita huhesabiwa kuwa na ugumu wa wastani, yanayopanda hadi 180 huitwa magumu, na yanayopita hapo magumu sana. Maji ya daraja hiyo ya kati kwa kawaida hayana ladha ya kushtua, wala rangi, wala harufu, na anayeyachota kisimani na anayeyafungulia bombani wote wawili wangeapa kuwa ni maji matupu. Hata hivyo, baada ya miezi kadhaa birika la chai huvaa gamba jeupe kwa ndani, beseni la kuogea hubaki na mstari wa utando, na anayefua huona kipande cha sabuni kikiisha kabla ya nguo. Kumbe ndani ya maji mlikuwa na kitu ambacho ulimi haukukionja na jicho halikukiona, na swali linalozuka, ambalo ni la kifalsafa kabla ya kuwa la kiufundi, ni kama kitu hicho ni sehemu ya maji au ni mgeni aliyeingia ndani yake.

Kwa Mwislamu swali hilo lina uzito wa ibada. Sala haisihi bila udhu kwa aliyetangukwa nao, udhu hauwi ila kwa maji kwa mwenye kuyapata, na si kila kimiminika kilicho na maji ndani yake kinachofaa. Ikiwa chokaa iliyoyeyuka ni mgeni, basi wakazi wengi wa Pwani ya Afrika Mashariki, ambao visima vyao vimechimbwa katika miamba ya matumbawe ya kale, wamekuwa wakitawadha kwa mchanganyiko tangu babu zao wajenge misikiti ya kwanza. Ikiwa si mgeni, panahitajika kuelezwa kwa nini si mgeni, ilhali kemia inaweza kumtenga, kumkausha na kumweka katika kijiko.

Asili ya kitu chenyewe inafaa kuelezwa kwanza, kwa sababu hukumu inaitegemea. Mvua inapoteremka hunywa hewa ya ukaa, yaani kaboni dioksidi, kidogo kutoka angani na kwa wingi zaidi kutoka katika udongo wenye mizizi na majani yanayooza, ikawa asidi dhaifu sana. Inapopenya katika mwamba wa matumbawe asidi hiyo huula mwamba taratibu na kuugeuza bikabonati, chumvi ambayo, tofauti na mwamba wenyewe, huyeyuka majini. Maji hayo yakichemshwa hewa ya ukaa hutoka, bikabonati huvunjika, na jiwe lililokuwa limeyeyuka hurudi kuwa jiwe, nalo ndilo lile gamba la ndani ya birika. Ugumu wa namna hii huitwa wa muda kwa kuwa moto huuondoa, na ule unaotokana na salfeti au kloridi, ambao moto hauugusi, huitwa wa kudumu.

Waashi wa Pwani walifanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine. Walikusanya matumbawe, wakayachoma juu ya lundo la magogo hadi hewa ya ukaa ikatoka, wakaizima chokaa iliyobaki kwa maji, wakaipaka ukutani, na huko ukutani chokaa ikainywa tena ile hewa na kuwa jiwe upya. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, ambao maandishi yake ya Kikufi yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 wa Miladi, umejengwa kwa matumbawe na chokaa juu ya ardhi ya matumbawe. Kwa hiyo aliyetawadha pale kwa maji ya kisima na kusimama akielekea kibla alikuwa na madini yaleyale chini ya nyayo zake, mbele ya uso wake, na katika matone yaliyokuwa yakikauka mikononi mwake. Lugha nayo imeweka kiungo chake hapa, maana Kiswahili kinaita birika lile hodhi la kutawadhia msikitini, na vilevile kinaita birika chombo cha kuchemshia chai, ingawa maneno hayo mawili yametoka katika mizizi miwili tofauti ya Kiarabu na yamekutana kwa bahati tu.

Sheria ya Kiislamu, hasa katika madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo yaliyoenea Pwani, huanza mlango wa twahara kwa kuyataja maji yanayofaa. Matini fupi ya Abu Shuja, inayosomeshwa sana madrasani, inataja saba, ambayo ni ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya mvua ya mawe, na vizazi vya wanafunzi wa Lamu na Unguja wamehifadhi orodha hiyo bila kuitia theluji machoni. Kinachoyaunganisha maji hayo saba ni kwamba yote ni maji mutlaki, yaani maji ambayo mtu anaweza kuyaita maji bila kulazimika kuongeza neno. Kiswahili kinaifafanua dhana hii vizuri kuliko lugha nyingi. Mtu husema maji ya kisima, na husema maji ya dafu, na kisarufi miundo hiyo miwili ni mamoja. Lakini katika ule wa kwanza nyongeza inaeleza mahali tu na inaweza kuachwa bila ya msikilizaji kudanganywa, na katika ule wa pili nyongeza ikiachwa maneno yanakuwa ya uongo. Wanazuoni huiita nyongeza ya aina ya pili kuwa ni kifungo cha lazima, na kila kimiminika kinachofungwa kwa kifungo hicho, hata kiwe kisafi namna gani, hakiondoi hadathi, yaani ile hali ya kisheria inayomzuia mtu asisali.

Baada ya hapo huja suala la maji yaliyobadilika. Yakibadilishwa na najisi, hata kidogo, ladha yake au rangi au harufu, hayafai, na hapo hakuna la kujadili. Yakibadilishwa na kitu twahara kilichochanganyika nayo, kama zafarani au unga, na badiliko likawa kubwa hata jina tupu la maji likaondoka, yanabaki kuwa masafi lakini hayasafishi. Ila pana jambo lililowekwa kando. Abu Ishaq al-Shirazi, aliyesomesha katika madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad na kufariki mwaka 1083, anaeleza katika al-Muhadhdhab kwamba kitu ambacho maji hayawezi kukingwa nacho hakizuii udhu, na mifano anayoitoa ni ukoga unaoota majini pamoja na kile ambacho maji hupita juu yake, miongoni mwake chumvi na nura. Nura ni chokaa. Waliokuja baada yake, akiwamo al-Nawawi aliyefariki mwaka 1277 na kukisherehesha kitabu hicho, walilithibitisha jambo hilo, na katika vitabu vya madhehebu likapata ibara yake, kwamba hakidhuru kile kilichomo katika makao ya maji na mapitio yake. Kwa hiyo maji magumu yalikwisha kuhukumiwa karne nyingi kabla ya kemia kuyapa jina hilo, na hukumu yake ni kwamba yanasafisha.

Hukumu hiyo hainyimi mtu usingizi, lakini sababu yake inastahili kuchunguzwa, kwani zimetajwa mbili na si sawa. Ya kwanza ni uzito wa kuepuka, kwamba maji hayawezi kuzuiliwa yasiguse ardhi yanayopitia, na sheria haimkalifishi mtu asiloliweza. Ya pili ni kubaki kwa jina, kwamba watu wanayaita maji yaliyopita penye chokaa kuwa ni maji, kama yalivyo. Sababu ya kwanza ni ya msamaha, maana inakiri kuwa pana kasoro kisha inaifumbia macho. Ya pili ni ya ufafanuzi, maana inasema kasoro haikuwapo tangu mwanzo. Kwa karne nyingi hapakuwa na haja ya kuchagua kati yake, kwa kuwa zilifikisha mahali pamoja, lakini zana za nyumba ya leo zimezitenganisha. Chombo cha kulainisha maji kinaweza kufungwa kwenye bomba linaloingia nyumbani na kuiondoa kalsiamu karibu yote. Kama chokaa ilikuwa imesamehewa tu kwa sababu haiepukiki, basi kwa mwenye chombo hicho msamaha umekwisha, na angelazimika kutawadha kwa maji yaliyolainishwa na kuyaacha ya kisima. Fikra hiyo ingemfanya tajiri kuwa na maji ya udhu ya daraja la juu kuliko maskini jirani yake, jambo ambalo mantiki nzima ya mlango wa twahara inalikataa. Inaelekea, basi, kwamba uzito wa kuepuka ni hekima inayoizunguka hukumu, na kwamba nguzo yake ni jina.

Lakini jina nalo halikuelea hewani, kwa sababu vitabu hivyohivyo vinasema kwamba ukoga ukitwangwa na kutiwa majini kwa makusudi, ukayabadilisha sana, hukumu inageuka, na kwa mujibu wa kanuni hiyo chokaa iliyomwagwa kwa mkono haiko sawa na chokaa iliyookotwa njiani. Madini ni yaleyale, kipimo kinaweza kuwa kilekile, na ladha ile ile, ila maji mamoja yanasafisha na mengine hayasafishi, kwa kuwa yamefikia hali hiyo kwa njia mbili tofauti. Msomaji wa sayansi huweza kuona hapa kisirani cha wanasheria, kwani maabara haioni njia. Inaona kilichomo kwenye chupa tu.

Falsafa ya lugha ya karne ya ishirini imelirudia jambo hilo kwa mfano unaoshangaza kwa ukaribu wake. Hilary Putnam, katika makala ya mwaka 1975 kuhusu maana, alitetea rai kwamba neno maji linakishika kile chenye muundo wa H2O, hata kama wasemaji hawaujui muundo huo. Noam Chomsky, akimjibu miaka ishirini baadaye, alitoa mfano wa vikombe viwili. Kimoja kimejazwa maji ya bomba kisha kikatumbukizwa kifuko cha majani ya chai, na kingine kimejazwa kutoka bomba la hodhi ambamo majani ya chai yamemwagwa kwa ajili ya kusafisha maji. Mkemia akivipima anaweza asione tofauti, lakini watu wote watakiita cha kwanza chai na cha pili maji. Mwanazuoni wa Nidhamiya angeusikiliza mfano huo bila kushtuka, na labda angeuliza tu ni kiasi gani cha majani kilichomwagwa hodhini na kwa nia gani. Walilolishika Chomsky na mwanazuoni huyo ni kwamba maji, kwa jinsi binadamu wanavyoyatambua, si fomula bali ni kitu chenye historia, na kwamba safari yake ni sehemu ya utambulisho wake. Maji yasiyo na chochote ila H2O hayapatikani kisimani wala mtoni. Hupatikana kwa kukenekwa, yaani kuchemshwa hadi mvuke na kupozwa, na yakipatikana hutiwa betrini. Kuyafanya hayo kuwa kipimo cha maji ni kuyafanya maji yote ya dunia kuwa na upungufu kwa kulinganishwa na kitu ambacho dunia haikukitoa.

Wanazuoni hawakupuuza, hata hivyo, tatizo la badiliko lisilohisika. Kitu kilichochanganyika na maji kikiwa kinafanana nayo kwa sifa zote, kama maji ya waridi yaliyokatika harufu, vitabu vya Shafi vinaelekeza kukadiria, yaani kudhania mahali pake kitu chenye sifa za wastani, ladha ya komamanga, rangi ya maji ya zabibu na harufu ya ladani, kisha kuuliza kama kingeyabadilisha maji kwa kiasi kile. Ni jaribio la akilini, lililobuniwa na watu wasiokuwa na mizani ya kupima miligramu, nalo linaonyesha kwamba walijua vyema kuwa hisia si mwisho wa ukweli. Lakini kwa chokaa ya kisimani hawakulitumia, kwa kuwa kilichomo katika mapitio hakihesabiwi kuwa ni kitu cha pili.

Chumvi iliwapa kazi zaidi. Waliigawa mara mbili, chumvi ya majini iliyoganda kutokana na maji yenyewe, kama ile inayokaushwa katika mashamba ya chumvi ya Gongoni na Pemba, na chumvi ya mlimani inayochimbwa kama jiwe, na rai iliyopewa nguvu ni kwamba ya kwanza ikitupwa majini haidhuru, kwa kuwa ni maji yaliyoganda na kuyeyuka tena, na ya pili hudhuru ikiyabadilisha sana. Mkemia atasema zote ni kloridi ya sodiamu. Jibu la wanasheria ni kwamba hawakuulizwa chumvi ni nini, bali imetoka wapi.

Ikiwa chokaa haiyatii maji doa, yale yanayofanywa nyumbani kuyashughulikia maji magumu hayafai kuitwa kuyasafisha, na hapa matumizi ya maneno yana madhara, kwa sababu wauzaji wa vichujio wanapoliweka gamba la birika mbele ya mnunuzi kama ushahidi wa uchafu wanaitumia aibu ya najisi kuuza dawa ya sabuni. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji, na kalsiamu yenyewe ni lishe. Linalobaki ni suala la manufaa, na manufaa hayo ni ya kweli. Sabuni ya kawaida, ambayo ni chumvi ya sodiamu na mafuta, ikikutana na kalsiamu hugeuka utando usioyeyuka, na povu halitoki mpaka kalsiamu yote imekwisha kunaswa, kwa hiyo sehemu ya kwanza ya kila kipande cha sabuni hutumika kuyalainisha maji badala ya kufua nguo. Chai ya rangi hufunga utando juu, ambao tone la ndimu linatosha kuuondoa. Kunde na maharage huchelewa kuiva, kwani kalsiamu hukaza ile gundi inayoshikilia seli za mbegu.

Tiba za jadi za mambo haya ni nzuri kuliko zinavyosifiwa. Magadi, ambayo kwa sehemu kubwa ni kabonati na bikabonati ya sodiamu, na ambayo ziwa la Magadi kusini mwa Kenya hutoa kwa wingi, yakitiwa katika maji ya kufulia huifanya kalsiamu ijitenge kabla haijaikuta sabuni, na mpishi anayetia chembe katika chungu cha maharage anafanya kemia hiyohiyo, ingawa akizidisha huipoteza ladha na baadhi ya vitamini. Kuchemsha na kuacha maji yatulie huondoa ugumu wa muda. Siki, ndimu au ukwaju vikichemshwa ndani ya birika huliyeyusha gamba, kwa kuwa asidi hulitendea jiwe kile ambacho mvua ilikitendea mwamba, ila kwa haraka zaidi. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paani ni laini kabisa, na wanawake wa Pwani waliyatunza kwa kuoshea nywele. Kwa maji ya ugumu wa wastani haya yanatosha, na kununua zaidi ya haya mara nyingi ni kulipia wasiwasi. Njia ya ajabu kuliko zote ni ile iliyopewa hataza Uingereza mwaka 1841 kwa jina la Thomas Clark, mwalimu wa kemia wa Aberdeen, ambayo huondoa chokaa majini kwa kutia chokaa, kwa kuwa chokaa iliyozimwa huinyakua hewa ya ukaa iliyokuwa ikiishikilia ile iliyoyeyuka, na zote mbili zikazama pamoja. Kwa kanuni ya mapitio, chokaa ya Clark ni ya kutupwa kwa mkono na ingestahili kutiliwa shaka. Lakini kwa kuwa maji hubaki na chokaa pungufu kuliko awali na sifa zake tatu hazikuguswa, shaka haina pa kusimama.

Ugumu wala haujawahi kuzuia maji kuheshimiwa. Maji ya Zamzam, ambayo mahujaji huyabeba kutoka Makka katika madumu na kuyagawa kwa jamaa kwa kikombe kidogo, yana kalsiamu na magnesiamu kwa wingi kuliko maji mengi ya bomba, na ladha yake ya madini hutambulika na kila anayeyanywa mara ya kwanza, na hakuna anayefikiria kuyalainisha.

Chombo cha kisasa cha kulainisha kinaleta swali jingine, ambalo halimo ndani ya glasi. Ndani yake mna chembe za plastiki zilizobeba sodiamu, na maji yanapopita kati yake huacha kalsiamu na kuchukua sodiamu, kwa kiasi kinachokaribia miligramu 46 kwa kila miligramu 100 za ugumu ulioondolewa, ambacho ulimi hauwezi kukigundua. Kwa udhu, basi, hakuna tatizo. Lakini chembe hizo zikishiba kalsiamu huoshwa kwa maji ya chumvi kali, na maji hayo ya kuoshea, yenye kalsiamu, magnesiamu na chumvi iliyobaki, hutolewa nje ya nyumba. Katika mji wenye mfereji wa maji taka yanakwenda mbali. Juu ya ardhi ya matumbawe, ambako nyumba nyingi zina shimo na mwamba una vinyweleo kama sifongo, yanateremka moja kwa moja kwenye tabaka la maji baridi, ambalo katika visiwa huelea juu ya maji ya bahari na tayari huingiwa na chumvi pale visima vinapovutwa kupita kiasi. Sheria ya Kiislamu inamtambulia mwenye kisima kitu kiitwacho harimu, eneo la kukizunguka ambalo mwingine haruhusiwi kuchimba kwa namna itakayoyapunguza au kuyaharibu maji ya wa kwanza. Chumvi iliyomwagwa na nyumba moja ikifika kisimani kwa jirani itafika kwa njia ya mwamba, ikiwa sehemu ya mapitio ya maji yake, na jirani huyo atatawadha kwayo na udhu wake utasihi. Haki yake dhidi ya aliyeimwaga iko katika mlango mwingine wa kitabu, ule wa madhara na dhamana.